Mpiga Picha na Bafu la Kaka Yake

Mpiga picha wetu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote: tena. Bibi harusi angeshuka garini vizuri, mama yake amemshika mkono, vigelegele vimepanda, naye angeshusha kamera na kusema, "Haye. Tena." Basi bibi harusi alirudi garini na shela lake lote, akashuka upya. Mashangazi wakinuna, aliwangoja wamalize kununa. Hakuwahi kugombana na mtu aliyenuna. Alijua kwamba mwishowe kila mmoja wao angetaka kujiona amependeza, na kamera ilikuwa mkononi mwake.

Sherehe za wanawake pale Garissa wanaume hawaingii, kwa hivyo anayezipiga video lazima awe mwanamke. Kwa miaka mingi mwanamke huyo alikuwa ni yeye. Watu walimwita Eeddo, yaani shangazi, hata wale waliomzidi umri. Mimi pia nilimwita hivyo, ingawa ni mwanamke wa Kikamba kutoka Kitui niliyeletwa pale kufundisha Kiswahili katika shule ya wasichana. Yeye aliniita Mwalimu. Tulijuana siku alipokuja kurekodi igizo la wasichana wangu. Katikati ya igizo, wazazi wote wameketi na mgeni wa heshima ameketi, alipanda jukwaani, akamshika malkia mabega, akamsogeza hadi karibu na dirisha. Kisha akanigeukia: "Endelea sasa, Mwalimu. Sasa anaonekana."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha ofisini. Mara nyingi p aliitamka b, v akaitamka f, na ngeli hakuzijali hata kidogo. Mwanzoni nilijaribu kumsahihisha.

"Hii kitu imebigwa na jua, Mwalimu."

"Hiki kitu kimepigwa, Eeddo."

"Haye, kimebigwa. Lakini imebigwa ama haijabigwa?"

Nikaacha.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Mwanga aliuvumilia, watu hakuwavumilia. Angeweza kukaa asubuhi nzima akitazama jua likitambaa ukutani, lakini ukimweleza habari ndefu alikukatiza na kuuliza mwisho wake. Akiwa kazini hakunywa hata maji, ila alihakikisha kila mtu mwingine amekunywa chai, na asiyetaka alifokewa. Alikuwa mkali kwa matajiri na mpole kwa wapishi. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyempa makao baada ya kufiwa na mume, alimheshimu mno. Hakuwahi kukaa kabla kaka hajakaa. Lakini kama kaka alisema jambo haliwezekani, hilo ndilo alilolifanya wiki iliyofuata, tena kwa heshima zote.

Jambo moja ambalo watu hawakulipenda kwake ni kuhusu machozi. Kwenye harusi za pale mama hulia, dada hulia, na bibi harusi mwenyewe hulia akikumbuka kwamba kesho ataamkia nyumba nyingine. Eeddo hakutaka kilio mbele ya kamera. "Nenda ulie huko, urudi na uso," aliwaambia. Nilisikia wanawake wakisema ana moyo mkavu. Walitoa na mfano: mwanawe wa pekee aliondoka kwa tahriib, ile safari ya vijana ya kupita jangwani hadi Libya na kutafuta boti ya kwenda Ulaya. Akafa maji. Na huyu mama, walisema, wiki ile ile alionekana na kamera begani. Mimi sikumuuliza. Hakuwa mtu wa kuulizwa.

Ramadhani moja ilipokwisha, alikuja shuleni kunitafuta. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, akaweka mikono juu ya dawati.

"Nataka kutengeneza filamu," alisema. "Filamu mfupi. Mama anapata habari mtoto wake amekufa baharini. Nyumba imejaa wageni. Anaingia bafuni, anafunga mlango. Hapo tu."

"Kwa nini bafuni, Eeddo?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini ng'ombe hunywa maji. "Nyumba yetu ina watu wangabi, Mwalimu? Watoto, wageni, jamaa wa kutoka Eldas, jamaa wa jamaa. Mlango yenye komeo ni ngabi? Ni moja."

Alinihitaji kwa sababu mbili. Ndani ya bafu wangeingia wanawake peke yao, nami sikuwa na ukoo wala jamaa pale wa kupelekea umbea. Nilikubali papo hapo. Nilidhani itakuwa kazi ya asubuhi moja.

Mwigizaji alikuwa Halima, muuza maziwa ya ngamia sokoni. Soko zima lilimjua kwa sauti. Alicheka mpaka wauza vitunguu wa upande wa pili wakacheka bila kujua sababu. Nilimwambia Eeddo kwamba kama anataka mtu wa huzuni, amekosea mlango.

"Halima hawezi kunyamaza," alinijibu. "Ndiyo nataka kuona mtu kama huyo akinyamaza."

Wa nne alikuwa Mutua, fundi wa taa aliyekuja kutoka Nairobi na mizigo yake. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, aliyewahi kufanya filamu nyingi. Tulipomwonyesha bafu alicheka, kisha akaona sisi hatucheki.

Lilikuwa choo na bafu pamoja, kwenye kona ya nyumba ya kaka yake. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Vigae vilikuwa vya buluu, vya kung'aa, hadi mabegani. Juu karibu na dari palikuwa na dirisha la matofali ya matundu, upana wake kama sinia ya pilau. Sakafuni palikuwa na ndoo, birika la kutawadhia, na beseni la bati. Kamera ikiingia, mtu hana pa kusimama. Mtu akisimama, kamera haina pa kuwekwa. Kaka alikuwa amesafiri kwenda kununua ngamia, na Eeddo alikuwa amengojea safari hiyo hasa. Alichukua bisibisi, akafungua bawaba, akang'oa mlango na kuuegemeza ukutani. Kamera ikasimama koridoni. Watu wa nyumbani siku hizo walienda kuomba choo kwa jirani, na walinung'unika waziwazi.

Siku ya kwanza tulishindwa kabisa. Eeddo alitumia taa zake za harusini, alizozipenda kama watoto. Kwake harusi ilikuwa mwanga kila pembe: bibi harusi aonekane, keki ionekane, zulia lionekane. Aliziwasha ndani ya bafu lile, na bafu likawa tanuri. Vigae vilirudisha mwanga kama vioo. Halima alitoka jasho, wanja ukamshuka mashavuni, akaanza kucheka kwa aibu, na alipocheka sote tulicheka isipokuwa mmoja. Kisha umeme ukakatika.

Tulipotazama picha zilizopatikana, Mutua alikuna kichwa. "Eeddo, kwa heshima. Huyu mama hapa haonekani kama amefiwa. Anaonekana kama anangoja bwana harusi. Mwanga umezidi. Tuutoe."

"Unataka giza," alisema Eeddo.

"Kidogo tu. Buluu kidogo, kivuli kidogo. Watu waelewe kuna msiba."

"Msiba gani iko na rangi ya buluu?" Aligonga kioo cha kamera kwa kucha. "Ilikuwa mchana. Jua ilikuwa kali sana. Mbuzi walikuwa wamelala chini ya ukuta. Hakuna kitu ilibadilika. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya."

Hakuna aliyemuuliza ni siku gani anayoizungumzia. Alizitazama picha tena na tena. Kisha alisema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema. "Mutua, uko sawa. Mwanga yangu ni ya harusi. Toa taa zote nje. Zote."

"Na giza langu?"

"Na giza yako pia toa."

Tukabaki na dirisha peke yake. Siku ya pili dirisha halikutosha. Uso wa Halima ulikuwa doa jeusi lenye hijabu. Hapo ndipo Mutua alipoomba kioo. Tulikitoa kile kikubwa cha meza ya kujipambia ya mke wa kaka, tukakiegemeza kwenye pipa la maji uani, na Mutua akalirusha jua kupitia matundu hadi kwenye dari. Juu Eeddo alikuwa amebandika shuka jeupe. Mwanga uligonga shuka, ukashuka taratibu juu ya Halima, mpole, bila kivuli kikali. Nilidhani tumemaliza.

"Bado," alisema Eeddo.

Vigae vilikuwa bado vinameta. Alilitungua buibui lake la akiba kwenye msumari, akalitundika ukutani upande wa kushoto, na mara shavu moja la Halima likazama. Hilo la pili lilibaki hai. Mutua, ambaye kwa kuwa ni mwanamume alikaa uani, alitazama kwenye skrini ndogo tuliyompitishia waya, akapiga mluzi.

"Bado," alisema Eeddo.

"Sasa bado nini?" aliuliza Mutua kwa sauti kutoka nje. "Macho yanaonekana. Yanasikitisha. Tupige!"

"Mimi sitaki macho. Nataka mdomo."

Hapo ndipo yalipotokea mabishano. Mutua alikuwa amesoma mswada, na aliona una kasoro. Mama anapokea simu, anaambiwa mwanawe amekufa, na hasemi chochote. Kwa nini hasemi? Alishauri Halima atamke yale maneno ambayo kila Mwislamu huyatamka akipata habari ya kifo. Watazamaji wataelewa mara moja, alisema, hata wasiojua Kisomali.

Halima alishtuka akasimama. "Chooni?"

Eeddo alitoka hadi mlango wa uani, akasimama mbele ya Mutua, na alizungumza polepole, kama mtu anayepanga vyombo. "Mutua, sikiliza. Chooni hatutaji jina la Mungu. Hata mtoto anajua. Unapata habari, unataka kusema inna lillahi, hiyo neno inakuja mpaka hapa." Aligusa midomo yake. "Unaishika. Nje kuna wageni, kuna ngoma, kuna watu wanataka choo. Unaishika kwa mkono mpaka utoke. Hiyo ndiyo filamu yangu. Hakuna nyingine."

Mutua aliinamisha kichwa. Kisha alisema, "Basi tunahitaji mwanga wa kutoka chini. Ule wa darini haufiki mdomoni, pua inauzuia."

Walisaidiana kuanzia hapo kama watu waliofanya kazi pamoja maisha yao yote. Mutua alishauri karatasi ya kung'aa, ikawa kali. Eeddo akajaribu sinia, ikawa mbaya zaidi. Kisha alilijaza maji lile beseni la bati na kuliweka miguuni pa Halima, na mwanga wa darini uligonga maji ukapanda tena, dhaifu, hadi kidevuni na kwenye vidole vilivyoziba mdomo. Tatizo lilikuwa moja. Maji yalichezacheza, na mwanga ukacheza usoni, ukapendeza. Ulikuwa mzuri mno.

"Maji yatulie," alisema Mutua.

Tukangoja maji yatulie. Kumbe hata mtu akipita koridoni maji yale hutikisika. Na jua lilikuwa linahama, maana lilifika kwenye ile kona ya uani muda mfupi tu kabla ya adhana ya adhuhuri. Maji yalipotulia, kioo kilikuwa kimepitwa na jua. Mutua alipokirekebisha kioo, mbuzi aligonga pipa. Mbuzi alipofukuzwa, Halima alipiga chafya. "Tena," alisema Eeddo. Siku ile ikaisha. Iliyofuata pia ikaisha. Halima aliacha kucheka. Maziwa yake aliyaacha kwa dada yake asubuhi, akaja, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaziba mdomo.

Siku ya mwisho kila kitu kilikubali. Kioo kilikaa, shuka lilinyooka, maji yalilala kama kioo kingine. Nilikuwa nimeshika ncha ya buibui, sipumui. Eeddo alikuwa ameinama kwenye kamera. Halima aliteremsha simu kutoka sikioni.

Kisha bafu likazimika. Kivuli cha mtu kilikuwa kimesimama dirishani.

"Waryaa!" ilinguruma sauti ya uani. "Nani anamulika choo yangu?"

Kaka alikuwa amerudi kabla ya siku yake. Tulitoka. Alikuwa bado ana vumbi la safari kwenye ndevu zake zilizopakwa hina, fimbo mkononi, amesimama katikati ya kioo na dirisha. Aliangalia mlango ulioegemezwa ukutani. Akamwangalia Mutua. Akamwangalia dada yake, akaanza kwa Kisomali, lakini alipomwona Mutua haelewi alihamia Kiswahili ili na yeye aonje.

"Mimi ni mzee wa msikiti. Watu watasema nini? Dada yake anabiga filamu ya choo! Hakuna sebule? Hakuna chumba? Msibani watu wanakaa kwenye mkeka, wanasoma Kurani. Hiyo biga!"

"Kaka, hiyo si yangu."

"Yako ni gani?"

Nilimwona Eeddo akikunja mikono ya nguo yake na kuikunjua. Hakupaza sauti. "Siku ya harusi ya binti yako Fatuma, wewe ulikuwa sebuleni na wageni. Uliniuliza jioni kwa nini nimechelewa kukwambia habari ya mtoto. Unakumbuka? Simu ilikuja mchana. Nilikuwa huku ndani." Alinyoosha kidole kwenye dirisha. "Nilishika mdomo yangu hivi. Nikatoka. Nikasema inna lillahi kwenye koridoni, wanawake wanabiga figelegele juu yangu, hakuna mtu alisikia. Nikachukua kamera. Binti yako hakunikosea kitu. Nikambiga harusi mpaka mwisho."

Halima alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hata yeye alikuwa hajui.

Kaka alitazama fimbo yake. Yeye ndiye aliyemlea yule kijana aliyekufa. Alimnunulia viatu vya shule, akamfundisha kuchunga. "Video ya harusi ile," alisema mwishowe, "mama yake Fatuma huiweka kila Idi. Wewe unasikika hapo ndani. Unasema 'tena, tena.'"

"Ndiyo."

"Siku hiyo."

"Ndiyo, kaka. Sasa toka kwenye jua yangu. Adhana inakaribia."

Nilidhani atampiga. Alisogea. Hakubariki wala hakusaidia kushika kitu. Alikwenda hadi lango la nje, akalifunga, akaburuta kiti cha plastiki, akakaa mbele yake ili asiingie mtu mwingine.

Tulirudi ndani. Mutua aliliwinda jua upya. Maji yakatulia. Halima aliteremsha simu, mkono ukapanda mdomoni, na akakaa hivyo, macho makavu, mwanga ule dhaifu umelala kwenye vidole vyake. Kisha goti lake likaanza kutetemeka. Hakuna aliyemwambia. Goti liligusa beseni, maji yakavunjika, na mwanga wote wa mdomoni ukatikisika, kama kuna kitu kinachosukuma kutoka ndani. Halima alinyanyuka, akatoka bafuni, akapita pembeni ya kamera hadi mwisho wa korido, na pale, mgongo wake ukiwa kwetu, alisema maneno yale kwa sauti yake ile ya sokoni, sasa imekuwa ndogo kama ya mgonjwa.

Nilingoja kusikia "tena." Eeddo alizima kamera. Alitoka uani, akanawa uso kwenye pipa la maji, kisha akaulizia bisibisi ili arudishe mlango.

Filamu ilionyeshwa mjini kwenye ukumbi, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Wapo waliokasirika, na wapo waliosema sauti haisikiki vizuri, jambo ambalo lilikuwa kweli. Sikusikia tena mtu akisema habari ya moyo mkavu. Mwenyewe alirudi kwenye harusi zake, mkali vile vile.

Mimi nilihamishiwa shule ya Isiolo. Nilimwona mara ya mwisho likizo iliyopita, Modogashe, pale njia panda ambapo magari husimama watu wanywe chai. Alikuwa amekaa kiti cha mbele cha lori la mizigo, kamera imefungwa mapajani kwa kanga. Amekonda. Aliponiona alipiga kioo kwa nguvu kama mtu anayeita mhudumu.

"Mwalimu! Umenenepa. Fizuri."

Alinieleza kwamba alikuwa amezunguka na filamu ile huko Wajir, anaionyesha kwenye ukuta wa yeyote aliyekubali. Huko Griftu, baada ya kuonyesha, mama mmoja mfugaji alimjia. Mwanawe alikwenda tahriib pia. Hajapiga simu, na hakuna aliyepiga kusema amekufa. Mama huyo alimwambia: yako imekwisha, ulisema maneno yako ukamaliza. Mimi nitasema nini? Piga na yangu.

"Kwa hivyo unarudi kwake?"

"Narudi. Nimesumbuka na hiyo picha. Anakaa kwenye nyumba ya mikeka na watoto na mbuzi, Mwalimu. Hakuna ukuta, hakuna dirisha. Upepo unaingia, jua inaingia. Komeo hakuna."

"Sasa huyo hujificha wapi akitaka kulia?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Eeddo alishika kamera kwa mikono yote miwili isije ikarukaruka, akanijibu kwa sauti ya kuushinda mngurumo:

"Ndiyo naenda kumuuliza!"